Bafta Mgongoni

Leo dukani, Kona ya Musa, nimelinusa jaketi jipya la rifleta. Harufu ni ya plastiki, lakini kazi yake, mtu aonekane gizani, imenirudishia bafta ya mama.

Baba alikuwa akinipakia kwenye keria ya baisikeli, kunitoa chuo cha Kurani jioni. Mama aliyaogopa malori, kwa hivyo alinishonea kipande cha bafta nyeupe mgongoni mwa nguo yangu, madereva wanione. Siku moja tulipopita barazani, wanywa kahawa, marafiki zake baba, waliangua kicheko.

"Bwana wee, mwanao umeshamvika sanda?"

Baba, simba wa nyumbani, alinywea kama kuku aliyenyeshewa. Tulipokata kona alisimama, akazikata nyuzi kwa meno, akaitupa bafta kichakani.

"Mambo ya kike haya," akasema. Mimi, bintiye, nilikuwa nimekaa pale pale nyuma yake.

Mbele kidogo, giza likiingia, dereva wa lori hakutuona hadi alipotufikia. Alipinda ghafla, nasi tukatumbukia mtaroni. Goti langu lilipasuka. Baba aliinuka, akaitafuta kofia yake, akaikung'uta vumbi, akaivaa ikakaa sawasawa. Ndipo aliponiuliza, "U mzima?"

Nyumbani, mama akiniosha jeraha, aliziona nyuzi zikining'inia mgongoni.

"Bafta iko wapi?"

"Imechukuliwa na upepo," baba akajibu, bila hata kupepesa jicho.

Mama akanigeukia mimi.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ulikuwa upepo mkali."