Watu wa Mikono

Kila asubuhi, kabla hajasema na mtu, Bertilla alikuwa akinywa uji wake amesimama. Alitoka na kikombe mlangoni, sweta la marehemu mumewe mwilini, akaegemea ukuta, akawa anapuliza na kunywa, anapuliza na kunywa, macho hayabanduki shambani. Baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita si ya kuchezea, upepo wake unakata masikio, lakini hata siku ya upepo hakurudi ndani kukaa kwenye kigoda. Majirani walimtania kwamba analinda shamba lisitoroke.

"Halina miguu hilo, dada!"

"Lina wenyewe," aliwajibu, "na wenyewe ndio wana miguu."

Hapo ndipo palipokuwa na mzizi wa maneno. Shamba lile la mteremkoni, lenye matuta ya maharage upande mmoja na ulezi upande wa pili, mama yake alililima. Bibi yake alililima. Mama wa bibi yake ndiye aliyeling'oa visiki. Hata hivyo kijijini pale hakuna aliyesema shamba la Bertilla. Walisema shamba la kina Fransisko, analolima Bertilla. Ukoo wa mzee Fransisko ndio wenye ardhi, na Bertilla na wote waliomzaa waliitwa watu wa mikono.

Mgeni akilisikia jina hilo hudhani ni sifa. Hudhani ni watu wa kazi, wasiochoka. Sivyo. Mkono huo ni ule wa kupimia, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Zamani, misafara ya watumwa ilipokuwa ikipanda kutoka Ziwa Tanganyika na kukatiza nyanda hizi kwenda pwani, mtoto mmoja wa kike alishindwa kutembea. Mkubwa wa ukoo wa siku zile akamnunua kwa mikono minane ya merikani, kile kitambaa kizito kilichokuwa ndiyo fedha. Jina la yule mtoto hakuna aliyelishika. Kwao ni wapi, hakuna aliyeuliza. Bei ndiyo iliyokumbukwa. Vizazi vinne vimepita, redio zimekuja, simu zimekuja, lami imefika Sumbawanga, na bei bado inakumbukwa.

Tena inalipwa. Kila mavuno, mkubwa wa watu wa mikono hubeba kikapu cha kwanza cha ulezi mpaka nyumbani kwa mkubwa wa ukoo. Anapiga magoti, anapiga makofi ya salamu, anasema, "Mikono minane imefika." Basi, amepewa mwaka mwingine wa kulima.

Kupiga magoti peke yake si neno. Kule mwanamke humpigia goti mzee wake, akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, na mzee naye akaitikia kwa makofi. Ni adabu ya kila siku, njiani hata kisimani. Lakini siku ya kikapu hakuna anayeitikia. Bertilla alipokuwa mdogo aliiona siku hiyo. Mama yake alipiga makofi, wazee wakatazama pembeni kama watu wanaosubiri mvua ipite. Walipotoka akauliza, "Mama, mbona hawakuitika?" Mama akamfinya paja. Walipofika mbali na nyumba zile ndipo aliposema, polepole, bila kumwangalia:

"Kitambaa hakisalimiwi, mwanangu."

Maneno hayo yalimkwama Bertilla kama mwiba wa samaki. Alikua nayo, akaolewa nayo, akazika mume nayo. Mama yake alipofariki, kikapu kikawa chake, na kila mwaka alikipeleka, akapiga makofi, akatazamwa pembeni, akarudi nyumbani.

Mwaka huo zikaja habari kwamba wapima ardhi wanapanda kijijini, na kila anayelima ataandikwa jina lake kwenye shamba lake. Bertilla hakulala vizuri wiki nzima. Ukaitishwa mkutano kwenye uwanja wa shule, na ofisa maendeleo ya jamii, Ambakisye, kijana wa Mbeya aliyehamia kazini karibuni, akaja na pikipiki kufundisha haki za binadamu kabla upimaji haujaanza. Alikuwa kijana msafi, mwenye sauti nzuri, mwenye kupenda watu. Tatizo lake lilikuwa kwamba alidhani watu wote wanapendana.

"Ndugu zangu," alisema, "baada ya vita kuu ya pili, watu walikuwa wameona unyama usiosemeka. Basi mwaka arobaini na nane mataifa yakakaa, yakaandika kwamba binadamu wote wamezaliwa huru, wote sawa. Hakuna wa juu, hakuna wa chini!"

Watu wakapiga makofi. Mzee Fransisko naye akapiga, amekaa kwenye kiti cha mbele, kofia gotini.

Bertilla akanyoosha mkono. Hakuwa msemaji wa mikutano, na watu wakageuka.

"Shikamooni wazee. Mimi nauliza, mwalimu. Hiyo arobaini na nane, kabla yake tulikuwa nini?"

"Tulikuwa binadamu, mama. Haki zilikuwepo, ila hazikuandikwa. Mtu anazaliwa nazo, kama ngozi."

"Kama ngozi."

"Naam."

"Na aliyechunwa?"

Christopha, mtoto wa mzee Fransisko, mwenye duka huko mjini, Katandala, akacheka kutoka nyuma. "Mshikaji, usijibizane na huyo, utakesha. Huyo ni wa mikono!"

Na Ambakisye, masikini, akaona nafasi ya kutuliza uwanja. Akatabasamu, akanyoosha kidole kwa Bertilla. "Haswa! Nimesikia sifa za ukoo huu. Watu wa mikono! Wachapakazi! Tuwapigie makofi watu wa mikono!"

Uwanja ulilipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakajishika mbavu, wanawake wakajifunika vitenge usoni, Christopha akapiga mluzi. Makofi yakapigwa, makofi mengi, ya kumcheka. Bertilla alibaki amesimama katikati yake. Mtu aliyekuwa karibu naye angeona jinsi alivyokuwa akiuma upande wa ndani wa shavu. Hakukimbia. Alingoja kicheko kiishe chenyewe, kisha akakaa.

Jioni alimngojea Ambakisye njiani. Kijana akazima pikipiki.

"Mama, nimekosea wapi? Walicheka nini?"

Akamwambia. Hakulia, hakupamba. Alimpimia mkono wake mwenyewe, kiwiko mpaka kidole, akahesabu mpaka nane hewani. Ambakisye alivua helmeti, akaishika kifuani kama yuko msibani.

"Nisamehe, mama. Haki ya Mungu sikujua. Hili si la kuachwa. Nitalisimamia mwenyewe."

"Utafanyaje?"

"Nitaongea na mzee Fransisko. Ni mtu mwelewa."

"Kila mtu ni mwelewa akipigiwa magoti," Bertilla akasema. Lakini usiku huo alipepeta ulezi wa kikapu, maana mtu hata akiwa na hasira hutumaini.

Siku mbili kabla ya wapimaji kufika, Bertilla na Ambakisye wakaitwa nyumbani kwa mzee Fransisko. Sebule ilikuwa na makochi yenye vitambaa vilivyofumwa, picha ya Bikira Maria, na chai kwenye chupa. Wazee wa ukoo wako kwenye makochi, Christopha mlangoni anachezea simu, Ambakisye kwenye kiti karibu na meza. Bertilla akaingia na kikapu kichwani, akakitua katikati ya sakafu. Evodia, mke wa Fransisko, aliyekuwa akichuma mboga na Bertilla tangu wasichana, akamtandikia mkeka. Bertilla akauona mkeka. Hakuusogelea.

Ambakisye akaanza kwa furaha. "Mama, habari njema! Tumeongea na mzee, tumeelewana. Amekubali uandikwe. Shamba litakuwa na jina lako, na halitakuwa na mgogoro tena."

Maisha yake yote yalikuwa kwenye yale matuta. "Mmekubali, baba?"

"Tumekubali," mzee Fransisko akasema. Hakuwa mtu wa makelele. Aliongea kama anayegawa chakula. "Wewe ni mwanetu. Ila mambo yaende kwa utaratibu wake. Utoe kikapu kama alivyotoa mama yako, useme maneno, tukuandike. Na wanao walioolewa mbali watakuja kutoa, na wajukuu. Ni desturi tu, haina ubaya."

"Niseme maneno yapi?"

"Unayajua."

"Nataka kuyasikia kwenye mdomo wako, baba. Mimi nimeyasema miaka mingi, wewe hujayasema hata mara moja."

Mzee mmoja akakohoa. Ambakisye akainama kumwelekea Bertilla, sauti ya chini, sauti ya mtoto anayembembeleza mama. "Mama, shamba ndilo la muhimu. Piga goti tu. Mbona hata mitaani naona akina mama wa huku wanapiga magoti wakisalimia? Ni heshima nzuri tu. Goti haliumi."

Bertilla akamgeukia. Kati ya wote waliokuwa mle ndani huyu ndiye aliyemuumiza zaidi, kwa sababu huyu ndiye ambaye yeye mwenyewe alimsimulia yote.

"Unaliona goti, mwanangu. Sikiliza makofi." Akamwangalia Evodia. "Evodia, nikikupigia makofi njiani, unafanyaje?"

Evodia hakuinua uso. "Naitikia."

"Na hapa?"

Evodia akageukia chupa ya chai.

"Hapa hawaitikii," Bertilla akamwambia Ambakisye. "Hapa hawajibu, kwa sababu kinachosalimia si mtu. Ndiyo heshima unayoisema hiyo."

"Usitutukane nyumbani kwetu!" Christopha akafoka. "Bibi yenu alikuwa anakufa njiani. Sisi tulimwokoa!"

"Mwache," Fransisko akasema, lakini naye sauti ilikuwa imekaza. "Ila mwanangu amesema kweli. Wenzake walikwenda mpaka pwani wakauzwa ng'ambo, au waliachwa fisi wawale. Bila ile mikono minane wewe usingekuwepo, Bertilla. Hata hiyo haki unayoidai, ungeidai ukiwa wapi?"

Maneno hayo yalikuwa mazito, na mtu mwingine angeinamisha kichwa. Bertilla mwenyewe alikuwa amejiuliza hivyo hivyo usiku mwingi, kitandani. Safari hii hasira ilikuja na jibu mkononi.

"Mtu akimtoa mtoto mtoni, baba, humrudisha kwao. Akikosa kwao, humlea. Hawaambii wajukuu zake waje kila mwaka kusema maji yalikuwa na kina gani. Mlimuuliza jina? Mlimuuliza mama yake yuko wapi? Alipopona mlimwambia njia ile pale, ukitaka nenda? Mlimpa jembe. Visiki vya shamba lile aliving'oa nani? Ile mikono minane amekwisha kuilipa kabla mama yangu hajazaliwa, na nyie mnaendelea kula tu!"

"Shika adabu!" Christopha akadakia.

"Nimeishika mpaka imenichubua!"

Ambakisye alikuwa akisugua viganja magotini. "Mama," akasema, "mama, nakuomba. Nikiondoka hapa bila makubaliano, wapimaji wataandika jina la ukoo. Utakosa kila kitu. Sema neno moja tu, kisha haki yako unayo."

"Ulisema nilizaliwa nayo."

"Ndiyo, lakini..."

"Kama nilizaliwa nayo, mzee huyu ananipa nini?" Alimtazama kijana usoni. "Kitu nikikiombea kwa magoti nikakipata, nitasema asante. Na nikishasema asante, kesho yake anaweza kukasirika akakichukua. Na wanangu watakuja kupiga magoti, na wao watawafinya wanao mapaja. Hiyo siyo haki. Hiyo ni merikani mpya."

Mzee Fransisko akaweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli, shingo nyembamba ndani ya kola. "Bertilla. Shamba ni zuri. Usiwe mjinga. Dakika moja tu."

"Ni zuri," Bertilla akasema. "Nani anajua uzuri wake kunishinda mimi?"

Aliinama. Wazee wakalegea kwenye makochi, Ambakisye akashusha pumzi, Evodia akaunyoosha mkeka haraka kwa mguu. Bertilla akashika kikapu kwa masikio yote mawili, akakinyanyua, akakiweka kichwani.

"Huo ulezi ni wa hapa!" Christopha akasema.

"Huu ulezi nimeupanda mimi, nimeupalilia mimi, nimeuvuna mimi. Pisha mlango."

Christopha hakupisha. Bertilla akasogea mpaka kikapu kikawa juu ya paji la uso wa Christopha, akasimama hapo anapumua. Evodia ndiye aliyesema, kwa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia: "Christopha, toka mlangoni." Akatoka.

Nje jua lilikuwa kali na upepo baridi. Ambakisye alimfuata mpaka uani, anaita mama, mama, tuongee, kuna baraza, kuna rufaa, kuna njia. Bertilla alimjibu bila kugeuza shingo, maana mwenye mzigo kichwani hageuzi shingo.

"Nenda kaongee nao hao, ndio wasioelewa. Mimi sina shida ya kuelewa."

"Atarudi tu," Christopha akawaambia wazee. "Ataenda wapi? Njaa itamleta."

Alipita nyumbani kwake, maana hata nyumba ilisimama kwenye ardhi ya ukoo, akabeba godoro, sufuria na jembe, akamlipa mwenye bodaboda kwa ulezi, akateremka mjini, Milanzi, kwa binamu yake anayeuza mkaa. Wapimaji walikuja, wakaandika jina la ukoo. Mavuno yaliyofuata mzee Fransisko alitandika mkeka, wazee wakaja, chai ikachemshwa. Walingoja mpaka ikabidi wawashe taa. Bertilla hakurudi.