Kompyuta ya Mzee Osea

Bosi Fausta aligonga karatasi mezani, na wafanyakazi wote wa ofisi ile ya uwakala wa forodha, Tunduma, wakaacha kuchapa.

"Jumatano kuna mtu kachungulia mtambo wetu wa kompyuta, mlango mmoja baada ya mwingine. Fundi kaiona anwani ya mashine iliyotumika. Ni kompyuta yako, Mzee Osea."

"Mimi, mama? Hata kuizima sijui."

"Wanaojifanya hawajui ndio hao hao. Weka funguo za ofisi hapa."

Atuganile, mchapaji, alimtazama mzee. Mzee huyu ndiye aliyemtoa Mlowo, alikokuwa akipima mahindi ya watu, akamwombea kazi hapa. Na aliyechungulia ni yeye Atuganile.

Mitandao alijifunza mwenyewe kwa simu. Alishuku kwamba nyaraka za wateja ziko wazi kwa yeyote, akamwambia fundi, na fundi, bingwa wa kuning'iniza kitambulisho shingoni, akamcheka: "Dada, wewe chapa tu." Basi akatumia programu ya kukagua milango ya mtandao. Programu ile hujua kujificha: hutafuta kompyuta iliyowaka bila kazi, ikabisha hodi kwa anwani ya kompyuta hiyo. Na kompyuta iliyowaka bila kazi ilikuwa moja tu, kuukuu, ya mzee anayeandika kila kitu kwa kalamu. Nani angemshuku? Hesabu za kijinga!

Mzee Osea alikuwa akihangaika kuchomoa funguo kwenye mkanda. Hatimaye akaziweka mezani. Miaka ishirini na sita ya kuvusha malori kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa inaishia pale.

"Ni mimi," Atuganile akasema. Alikuwa amesimama.

Fundi akacheka. "Huyu? Hawezi."

Atuganile akaketi kwenye kompyuta yake, akairudia kazi ile mbele yao, safari hii bila kujificha. Kwenye kioo cha fundi ikajitokeza anwani moja, ya kompyuta ya Atuganile. Na mlango wa nyaraka ulikuwa wazi, kama alivyosema.

Fundi aliacha kucheka. Bosi Fausta alikitazama kioo, kisha akamsogezea mzee funguo zake.

"Na zako, Atuganile, weka hapa."

Akaziweka. Mzee Osea akamfuata hadi kizingitini, ambako malori yalikuwa yakinguruma kwenye foleni.

"Kwa nini kompyuta yangu, mwanangu?"

"Ilikuwa imekaa tu, baba. Niliogopa watanicheka tena."

Mzee akazirudisha funguo zake kwenye mkanda.

"Ungeniambia. Tungeingia kwa bosi wote wawili."