Dakika Tatu Kila Upande

Nianze kwa kukiri, ili msomaji asinihurumie bure: nilijua kwamba mzee hatamla samaki yule, na nikampika hivyo hivyo. Sikukosea. Nilisikiliza kila nililoambiwa, nikafanya kila nililoambiwa, na hiyo ndiyo ilikuwa silaha yangu.

Mzee ninayemsema ni baba mkwe wangu. Mama mkwe alipofariki, mume wangu alimtoa Masukulu akamleta kwetu hapa Bagamoyo. Siyo ile Bagamoyo ya pwani. Yetu iko Tukuyu, ina ukungu na matope, na nguo zinachukua siku tatu kukauka. Chumba cha mzee kiko ng'ambo ya ukuta wa jikoni, kwa hiyo akikohoa namsikia, na mimi nikiangusha kijiko ananisikia.

Lakini hatuonani. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Mzee akitaka kutoka nje anakohoa kwanza, nami nabaki jikoni mpaka apite. Watu wengi wa mjini wameliacha jambo hili, wanakaa meza moja na wakwe zao na kucheka nao. Sisi hatukuliacha, kwa sababu yeye hakuliacha, na mimi nililelewa hivyo. Nina miaka kumi na tisa katika ndoa hii na sijawahi kumwambia mzee yule hata shikamoo. Chakula chake nakipakua mimi, anakipeleka mume wangu, na binti wa nyumba, yaani binti wa mzee mwenyewe, akiwapo basi hupeleka yeye.

Kwa hiyo mazungumzo yetu ni sahani. Inakwenda imejaa, inarudi na jibu. Mzee anapenda ndizi zilizopikwa na mbasa wa moshi, samaki wa ziwani kutoka Kyela, na mbasa ana mifupa kama sindano. Chakula kikimridhisha, ile mifupa huipanga ukingoni mwa sahani, mmoja mmoja, vichwa upande mmoja. Kisipomridhisha huiacha imetawanyika katikati. Nimekuwa nikisoma mifupa hiyo kila jioni kwa miaka sita, na ninaijua kuliko maandishi ya mume wangu.

Sasa aje wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayeishi Dar es Salaam. Pasaka alikuja kutusalimia. Mimi niko nje naosha vyombo, yeye akaipiga picha sahani ya baba yake kabla haijapelekwa, ndizi zangu na kipande cha mbasa, akaituma kwenye kundi la ukoo kwenye simu. Akaandika chini yake: "Hiki ndicho anachokula Baba. Ndiyo maana anakonda." Watu wa ukoo wakamwaga vikatuni vya machozi. Shangazi mmoja, ambaye hajaja kumsalimia mzee tangu msiba wa mkewe, akauliza kama huku kwetu kuna njaa. Mimi nimo kwenye kundi hilo. Niliisoma ile picha nikiwa kwenye cherehani yangu, na sketi ya mteja niliishona vibaya, nikaifumua, nikaishona vibaya tena.

Alinivua nguo mbele za watu. Nilikaa na jambo hilo miezi minne.

Mwezi wa nane ukoo ukaamua kwamba wifi aje amchukue Baba akaishi naye Dar, ila uamuzi wa mwisho auseme mzee mwenyewe. Mume wangu alinyamaza, maana yeye mbele ya dada yake huwa mtoto wa darasa la pili. Nami nikaelewa kinachokuja. Mzee akiondoka, kila mtu kuanzia Kiwira hadi Masukulu atasema aliondolewa kwangu kwa sababu nilimnyima chakula. Na kwa kweli kulikuwa na jingine ambalo sikumwambia mtu: nisingekuwa na wa kunirudishia sahani.

Wifi alifika Jumatatu na deli la barafu lililofungwa kwa utepe wa gundi, linavuja maji tangu barafu ilipomwishia Kiwira. Ndani yake kulikuwa na vipande vinne vya samaki wa rangi ya chungwa. "Samoni," alisema. "Huyu ndiye samaki wa afya. Kesho jioni tutampikia Baba, aone atakavyokuwa anakula kwangu." Tikiti mbili za basi la Alhamisi zilikuwa tayari kwenye mkoba wake. Alinionyesha.

Jumanne nilifunga kazi mapema. Saa kumi niliwasha jiko la mkaa nyuma ya nyumba, nikabandika ndizi, nikamtia mbasa na nyanya na kitunguu, nikafunika, nikaacha zichemke taratibu. Wifi alipouliza sufuria ile ya nini, nikamwambia ya watoto, hawajazoea vyakula vya kisasa. Akatabasamu kwa huruma. Tabasamu lile nalo nililiweka akiba.

Saa kumi na mbili na nusu mume wangu alirudi kutoka kiwanda cha chai, amelowa, na tukaanza. Nilichukua vipande nikavipeleka kwenye maji ya limao na chumvi, kama samaki yeyote anavyooshwa. Wifi alipiga kelele.

"Wifi! Haoshwi huyo! Mkaushe kwa kitambaa tu."

Nikamkausha. Akasema kikaango kipate moto kwanza, nikakipasha. Mafuta kidogo, chumvi, pilipili manga. Ngozi itangulie chini. Nikamlaza, akalia chwaa, na wifi akawasha saa ya simu yake. "Dakika tatu kila upande. Si zaidi. Ninyi huku mnamkaanga samaki mpaka anakuwa ubao."

Ninyi huku! Mwanamke aliyezaliwa Masukulu, aliyechuma majani ya chai akiwa na umri wa binti yangu.

Nilisimama pale na mwiko. Dakika tatu zikaisha nikamgeuza. Ngozi ilikuwa imekauka vizuri, rangi ya kahawia, na hilo lilinikera. Akatia siagi na kitunguu swaumu, akaniambia niinamishe kikaango nimwagilie ile siagi kwa kijiko juu ya nyama. Nikamwagilia. Harufu ilijaa nyumba nzima. Saa ikalia tena, akaminya limao, nikaepua. Mwanzo mpaka mwisho haikufika hata robo saa. Mimi kwa mbasa hutumia saa mbili.

Alikata kipande cha baba yake kidogo pembeni kwa uma. Ndani alikuwa wa waridi, anang'aa, amelowana. Hapo wifi alisita. Aliniangalia, na sauti yake ikawa nyingine kabisa, sauti ya mtu anayeuliza kwa sababu hajui.

"Wifi, unaonaje? Baba atamla hivi?"

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza kitu. Na jibu nilikuwa nalo. Mzee yule hali nyama yenye rangi ndani. Kuku akiwa na doa jekundu kwenye mfupa anamrudisha. Nyama ya sherehe akiitilia shaka anaihamishia kwa jirani. Ningesema, "Mwongeze dakika mbili, umtoe na ngozi, umchambue kidogo," na mzee angekula, na pengine angependa, na pengine Alhamisi angepanda basi.

Nikaiona tena akilini ile picha ya sahani yangu.

"Atamla," nikasema. "Si umesema dakika tatu?"

Uso ukamchangamka. "Nampelekea sasa hivi. Nimwambie nimepika mimi."

"Mwambie, wifi. Mkono ni wako."

Mezani walikula mume wangu, na watoto wangu wawili, huku nafasi ya wifi ikimsubiri. Mimi nilibaki jikoni, nikasema nina kazi. Binti yangu akapaza sauti, "Mama, huyu samaki mtamu!" na kaka yake akaomba aongezewe. Ningewafinya wote wawili.

Nilisimama karibu na ukuta. Nilimsikia wifi akiingia, akipiga goti, akimkaribisha baba yake. Alimweleza yote: samaki wa afya, mafuta yake mazuri kwa moyo, Dar atamla kila wiki. Kisha kimya. Kijiko kikagonga sahani mara moja. Mzee akauliza, "Mifupa yake iko wapi?"

"Hana mifupa, Baba. Wameitoa."

"Na kichwa?"

"Vinauzwa vipande tu, Baba."

Kijiko kikagonga tena, mara tatu, nne. Nikadhani anakula. Nikadhani nimeshindwa, kwamba hata mzee amenigeuka kwa ajili ya siagi na limao. Kisha nikasikia sahani ikiwekwa chini, na sauti yake, ile sauti ninayoijua kupitia ukuta tu.

"Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Nimeonja. Sasa mwambie mkamwana anipakulie chakula."

Nimeonja! Mkamwana ni mimi, mke wa mwanawe. Hakuwahi kunitaja kwa sauti, nisikie, hata siku moja. Nikachukua sahani nikaanza kupakua.

Wifi aliingia jikoni na sahani mikononi. Mzee alikuwa amebandua juu juu, pale palipokauka, akaacha sehemu yote ya waridi. Ukingo wa sahani ulikuwa mtupu. Nilikuwa nimeshaipakua sahani nyingine, ndizi zinafuka moshi na mbasa kati yake. Aliitazama sahani, akalitazama lile jiko la mkaa kupitia mlangoni, akanitazama mimi.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Nilikuuliza, wifi. Nilikuuliza vizuri."

"Na mimi ungeniuliza vizuri kabla ya kupiga picha."

Alikaa kwenye kigoda akafunika uso kwa kanga. Alisema, bila kuniangalia, kwamba mama yao alipougua yeye ndiye aliyempikia Baba, akiwa na miaka kumi na moja, na kwamba alitaka tu ale tena kitu cha mkono wake. Nilijaribu kumwonea huruma. Nasema kweli, nilijaribu. Haikuja. Kilichokuja ni furaha, ya moto, ikinipanda kifuani, na sikuificha vizuri.

"Chakula kinapoa," nikamwambia. "Na mimi siruhusiwi kuingia kule."

Ilimbidi ainuke. Binti wa nyumba alikuwapo, na binti wa nyumba ndiye hupeleka. Aliibeba sahani yangu kwa mikono miwili, ile ile sahani aliyoipiga picha Pasaka, yenye ua la bluu, akapiga goti mbele ya baba yake kwa mara ya pili jioni ile.

Alikaa humo muda mrefu. Walizungumza Kinyakyusa kwa sauti ya chini, sikuyapata yote, na sitaki kujifanya niliyapata. Aliporudi aliiweka sahani mbele yangu, akaenda chumbani kwake. Mifupa ilikuwa imezunguka ukingo mzima, mmoja mmoja, vichwa upande mmoja. Sijawahi kuona imepangwa vizuri namna ile.

Nilibaki na vyombo. Kwenye sahani ya kwanza kile kipande cha waridi kilikuwa bado kipo, kimepoa, siagi imeganda pembeni. Nilitaka kumtupia paka. Sijui kwa nini nilikimega kidogo kwa vidole nikaweka mdomoni.

Alikuwa laini. Alivunjika kwenye ulimi bila kutafunwa, ana chumvi ya kutosha, limao linakuja mwishoni. Nilimega tena. Nilikula nikiwa nimesimama, mgongo kwa mlango, mpaka nikafika kwenye ngozi, nikala na ngozi, nikapangusa siagi kwa kidole nikakilamba. Mwanamke yule alikuwa amempikia baba yake kitu kizuri.

Mume wangu aliingia wakati nafuta mdomo kwa upindo wa kanga. Aliegemea mlango, uso umelegea kwa nafuu.

"Baba amesema haendi popote," akasema. "Dada anarudi peke yake. Eti samaki alikuwa mbichi kweli?"

"Mbichi kabisa," nikasema, nikachukua kikaango nikaanza kukisugua.