Hoteli ya "Wewe Leo Maharage"

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi cherehani Mbeya, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa na hoteli pekee mjini ambayo mteja hakuruhusiwa kuchagua chakula. Mwenyewe mtu wa Kilwa, aliyepanda huku kwenye baridi akiwa na koti moja na imani kwamba anayajua matumbo ya watu kuliko wenye matumbo. Ulikaa, akakutazama usoni, akatangaza: "Wewe leo maharage." Ukibisha, uji.

Sura yangu, kwa neema ya Mungu, ilikuwa ya maharage. Nilikula hayo miezi na miezi.

Siku moja karani wa bomani, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, aliingia akaagiza pilau kwa sauti ya ofisini. Jirani yangu akamkagua kama daktari.

"Bwana, macho yako yamechoka. Uji."

"Nimekuja kula, sikuja kutibiwa!"

"Basi uji bila sukari."

Karani akatoka amefura. Kesho yake akarudi, akaketi kwa adabu, akangoja kuambiwa. Ndivyo tulivyokuwa, watu wazima wenye akili zetu.

Aliyechoka ni mke wa jirani yangu, Mnyakyusa wa Tukuyu, ambaye ndiye aliyepika vyote hivyo ndani ya moshi huku mumewe akisifiwa kwa kipaji. Mchana mmoja wa Julai, hoteli imejaa madereva wa malori, mume akapaza sauti kuelekea jikoni: "Uji wa yule mnene!" Mama akatoka na mwiko mkononi, akamtazama mumewe usoni, bila haraka.

"Baba, keti."

"Nina wageni, mama."

"Wewe leo njaa."

Akatugeukia. "Haya, nyie mnataka nini?"

Dereva mmoja akasema kwa unyonge, "Mama, tuchagulie tu." Mama alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

Mimi nikasema: ndizi kwa nyama. Zilipokuja nililengwalengwa na machozi, nikasingizia moshi.

Tangu siku ile mama alikaa mbele, mume akahamia jikoni. Wiki za kwanza alituunguzia wali kwa moyo mkunjufu. Jioni moja mama alikuja barazani kwangu, akanyoosha miguu, akinywa chai aliyochemshiwa na mumewe.

"Tangawizi imezidi," alisema, akameza. "Lakini sikuipika mimi."