Kinyago cha Mpira na Mvi za Jirani

Ujinga wangu niuseme mwenyewe, usije ukasemwa na wengine kwa chumvi zaidi: nilimtundika bibi kizee juu ya boriti ili awafukuze kunguru. Bibi mwenyewe alikuwa wa mpira. Kunguru hawakujua hilo, na baadaye ikaonekana hata binadamu wengi hawakutaka kulijua.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa barazani kwangu. Mke wangu husema siku nikipotea hatasumbuka kunitafuta, maana nitakuwa nimepotelea kati ya cherehani na birika. Nilizaliwa Malindi mjini. Matsangoni nilikuja kuoa nikabaki, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Safari yangu ndefu ni kwenda Malindi sokoni kuchagua mitumba. Nikirudi naifupisha, naipunguza, nabadilisha zipu, naye mke wangu anaiuza kando ya barabara.

Nikiwa kazini, simu yangu huegemea kopo la vifungo na hunionyesha filamu za kutisha. Wengine wana miraa, mimi nina maiti wanaofufuka. Nimeona watu wakikatwa kwa misumeno huku napiga upindo wa suruali za shule, na mshono haukuenda kombo hata mara moja. Siku moja mke wangu aliniuliza inakuwaje nakula mkate nikitazama utumbo wa mtu. Nikamwambia, "Ile si damu, ni rangi."

"Kama unajua ni rangi, mbona hushibi kuitazama?"

Nikaongeza sauti ya simu. Mkate ulikuwa mdomoni.

Sasa, katika mitumba ya watoto huwa mna nguo ambazo zamani zilinichanganya. Pajama zilizochorwa mifupa. Joho lenye mkono wa bandia unaotoka tumboni. Baada ya filamu nyingi nikaelewa: huko zinakotoka kuna siku watoto huvalishwa uzimwi wakapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Siku ikipita, uzimwi hufungwa robota ukaletwa kwetu. Hapa kijijini utamwona mzee mzima anapalilia mihogo na mbavu nyeupe zimechapwa kifuani pake, na hakuna anayeshangaa. Shati ni shati.

Mama mmoja alimnunulia binti yake gauni jeupe la uuguzi, la kuendea kanisani. Lilikuwa na damu kifuani. Alilifua siku mbili kwa dawa ya madoa, kisha akaniletea akiwa amelishika kwa ncha za vidole.

"Fundi, hii damu haitoki. Ni ya nani?"

"Si ya mtu, mama. Imechapwa kiwandani."

"Kiwanda kinatengeneza damu?"

"Ya kuchezea tu. Watoto wao wanavaa wakiomba peremende."

Akalitazama lile gauni, akanitazama mimi. "Sisi tukienda kuomba tunavaa vizuri," akasema, akaliacha juu ya meza yangu. Nilicheka peke yangu mpaka nikajidunga sindano. Ningekuwa na akili ningeona haya, lakini akili yangu ilikuwa kwenye simu.

Kinyago nilikikuta ndani ya robota lilelile lililoleta gauni hilo. Uso wa kikongwe, rangi ya ndizi mbichi iliyochubuka, pua kama ndoana, meno matatu, na kinywa wazi kama anayetaka kukutapikia. Nywele ndizo zilikuwa kazi hasa: nyeupe pe, ndefu, laini, zimepandwa moja moja. Kilinuka kama ndara zilizosahauliwa juani. Lebo ilikuwa bado inaning'inia shingoni.

Wakati huo kunguru walikuwa wamenifukulia mahindi mara mbili. Nikasimamisha boriti shambani, nikaivika dera kuukuu la mke wangu, juu nikaweka kinyago. Kunguru walikuja, wakatua, wakatazama, wakaondoka wakitukana. Nilijiona msomi, mimi na kidato changu cha nne. Nikapiga picha nikaituma kwa jamaa zangu na maneno haya: "Mlinzi mpya. Hali wala halali."

Shamba langu limepakana na la jirani yangu. Yeye ni mjane wa Kigiriama wa miaka zaidi ya sabini, na kila mtu, hata mimi mtu wa mjini, humwita hawe, yaani bibi. Kichwa chake kilikuwa cheupe kama pamba iliyopasuka. Hili si jambo dogo upande wetu. Wazee wengi wa huku hupaka nywele piko, zikawa nyeusi tititi, mtu ana miaka themanini na nywele za bwana harusi. Nilipohamia nilikuwa nikiwatania kwamba wanajipodoa, mpaka mke wangu aliponivuta pembeni akaniambia niache. Huku mvi ni shtaka, akasema. Mtoto akiugua, mahindi yakikauka, shamba likitamaniwa, anatafutwa mwenye kichwa cheupe, na anayetumwa kwake hubeba panga.

Hawe hakupaka. "Nimezipata kwa kulea watoto tisa," alikuwa akisema. "Anayeziogopa afumbe macho." Watoto walikuwa wametawanyika, na wapwa wa marehemu mumewe walikuwa na macho juu ya shamba lake. Hilo pia nililijua. Nililijua kama mtu ajuavyo kuwa chuma cha pasi kina moto, halafu akakishika kwa sababu simu imelia.

Siku ya tatu mwendesha bodaboda mmoja alisimama barabarani akarekodi. Upepo ulikuwa unazipeperusha zile nywele, naye akavuta picha karibu, akatia muziki na maandishi makubwa: MCHAWI ANASWA MCHANA MATSANGONI. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imenifikia, kutoka kwa binamu yangu wa Mambrui. Nikacheka. Nikaitazama tena. Kisha nikaisambaza, na neno langu juu: "Huyo mpangaji wangu."

Video ile kabla haijaanza ilitanguliwa na tangazo la mafuta ya kupikia: baba, mama na watoto wanachekeana juu ya sahani ya samaki. Ukimaliza samaki unapewa mchawi. Ukimaliza mchawi unapewa maoni ya watu. Mchomeni. Mnangoja nini? Na kila "mchomeni" ilifuatwa na nyuso ndogo za njano zinazolia kwa kicheko. Mtu mmoja akaandika kuwa anamjua, kwamba shamba lake ni hapohapo, na nywele ni zake. Mwingine akaweka picha mbili ubavuni: kushoto kinyago, kulia mwanamke aliyeinama na jembe, amepigwa picha kwa nyuma, kichwa cheupe juani.

Kanga aliyojifunga niliijua. Upindo wake niliupiga mimi.

Ningependa kuandika kuwa nilitapika. Sikutapika. Niliitazama tena kutoka mwanzo, samaki na vyote. Na kilichonichukiza zaidi ya yale maoni ni kwamba niliihisi ile raha yangu ya kila siku, ile inayopanda mgongoni pale mlango unapojifungua wenyewe kwenye filamu. Ilikuwa raha ileile. Haikuuliza kama huyu anayefuatwa ni rangi au ni hawe.

Niliifuta niliyoisambaza. Ilikuwa sawa na kuchota bahari kwa kijiko. Jioni kulikuwa na video nyingine ambamo kinyago kinachezeshwa ngoma.

Kulipokucha watu walijaa ukingoni mwa shamba. Walikuwa wanapiga picha na kinyago kwa zamu, kama kwenye harusi. Muuza barafu alikuwa ameshafika. Hawe alisimama mlangoni kwake, jembe mkononi. Ndipo wakaja wapwa wawili na panga zao. Panga si ajabu huku, kila mtu hubeba, na ndiyo maana huwezi kumuuliza mtu lake ni la nini.

Mkubwa wao akapaza sauti: "Mmeona? Picha yake imejitundika yenyewe!"

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

"Fundi," mke wangu akasema, "utatoka wewe au nitoke mimi?"

Nikatoka na singlendi, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Nilikiangusha kinyago, na kwa kuwa sikujua la kusema, nikakivaa. Ndani mlikuwa na joto na harufu ya mate ya zamani, na kitu kikaninata kwenye shavu. Ilikuwa peremende. Mtoto wa watu aliitema humo, ikaganda, ikavuka bahari, ikaja kunigusa mimi. Nilikivua nikitema.

"Ni mimi!" nikasema. "Ni mimi niliyekitundika, kwa ajili ya kunguru. Kimetoka Malindi kwenye mitumba. Tazameni lebo!" Nikaisoma kwa Kiswahili, kwa sauti ya karani wa mahakama: kisiwekwe karibu na moto, kisipewe watoto wadogo, kifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Kumbe mchawi ni fundi!" na kicheko kikazidi, nami nikacheka nao, nikidhani yamekwisha.

Mpwa mkubwa hakucheka. Alichukua kinyago mkononi mwangu, akakigeuza, akasema polepole, "Sawa. Kimetoka kiwandani. Lakini hao waliokitengeneza, walimwona wapi?"

Na niliwaona watu, watu niliowapunguzia suruali, wakitikisa vichwa kukubali.

Mke wangu alikuwa amekwisha kumwita mzee wa kijiji, aliyekuja na fimbo yake. Alipomfikia mpwa mkubwa alisimama kifua kwa kifua naye, akawaambia wote wawili kuwa nywele moja ya hawe ikianguka atajua pa kuanzia. Wakaondoka. Jua likawa kali, na umati ukapungua kama unavyopungua baada ya filamu, kila mtu akitafuta kiatu chake. Sikuamini kuwa yamekwisha, wala hakuna aliyeniambia yamekwisha.

Adhuhuri nilikichoma kinyago nyuma ya choo. Mpira hauungui, unalia. Ulitoa moshi mweusi mzito uliotuingia kwenye nguo na kwenye wali. Zile nywele nzuri zilijikunja zikawa tone moja jeusi kama kinyesi cha mbuzi. Nimeona vichwa vingapi vikiungua kwenye simu? Sikuwahi kujua kuwa vinanuka.

Alasiri hawe aliingia barazani kwangu bila hodi. Mkononi alikuwa na pakiti ya piko na mswaki wa zamani.

"Shikamoo hawe."

"Sikuja kuamkiwa. Koroga."

"Hawe, si lazima. Mzee wa kijiji amesema..."

"Mzee wa kijiji analala kwangu?" Akakaa kwenye kiti cha wateja, akakifungua kitambaa cha kichwani. "Mkono wako hautetemeki kwenye nguo za watu. Na usitetemeke hapa."

Nikakoroga piko kwenye kibakuli cha vifungo. Mimi, niliyekula mkate mbele ya utumbo, nilishindwa kukishika kichwa kidogo cha mwanamke mzee, chenye joto, chenye kovu nyuma ya sikio ambalo sikuwahi kuliona. Nilipaka kama anayefuta jina ubaoni. Nyeupe ikawa kijivu, kijivu ikawa nyeusi, maji machafu yakamtiririka shingoni hadi kwenye ile kanga. Simu yangu ilikuwa palepale kwenye kopo, nimeilaza kifudifudi. Ilitetemeka mara mbili tatu. Mke wangu akaja akaichukua akaenda nayo ndani.

Nilipomaliza nilimpa kioo cha wateja. Akajitazama muda mrefu, kichwa huku, kichwa kule. Alionekana kama mtu aliyekopa nywele za binti yake. Nikasema, kwa kuwa ulimi wangu hauna adabu, "Hawe, umerudi msichana. Itabidi nikufiche, wanaume wa Matsangoni wasikuone."

Akakiweka kioo juu ya cherehani, akafunga kitambaa chake, akasimama. Mlangoni akageuka.

"Kile cha mpira umekichoma kwa siku moja," akasema. "Hiki cha piko ulichonivika mimi utakuwa ukinipaka kila mwezi mpaka nife, na ole wako nikifa kabla ya siku zangu."