Yowe la Raheli

Raheli wa Mvumi alikuwa na sauti ambayo kwaya nzima ilijificha nyuma yake. Hayo nilisimuliwa tu. Mimi nilipomfahamu alikuwa anaongea kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, hata bei ya kuku wake ilibidi umwinamie ndipo uisikie. Naitwa Hamida, mtu wa Kondoa, nauza supu kwenye mnada wa Msalato kila Jumamosi, na sauti yangu sijawahi kuificha. Mkitaka kujua kosa la habari hii ni la nani, anzeni hapo.

Kilichomnyamazisha alinieleza mwenyewe, mwaka wa pili wa urafiki wetu, tukiwa tunaosha utumbo. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo mtamba wake alipotea malishoni. Siku ya tatu akaenda kisimani, akamkuta kijana asiyemjua ananywesha mtamba mwekundu. Akatazama masikio. La kushoto limekatwa ncha, la kulia lina mapengo mawili kwa chini. Hiyo ndiyo alama ya ukoo wa mumewe, Lameck. Raheli hakuuliza kitu, alipiga yowe.

Kwao yowe la mwanamke halina mjadala. Wanaume wanatoka mashambani na fimbo mkononi, maswali yanafuata baadaye. Kwa kijana yule hayakufuata kabisa, alifia palepale kisimani. Aliitwa Joshua. Yule mtamba alikuwa wa mahari ya dada yake, ametolewa na baba mdogo wa Lameck aliyehamia zamani upande wa Bahi, ndiyo maana alikuwa na alama ileile. Kijana alikuwa anampeleka kwao kwa haki kabisa, na habari za posa hiyo huku Mvumi zilikuwa hazijafika. Mtamba wa Raheli alirudi mwenyewe kesho yake, akasimama mlangoni pa zizi akisubiri kufunguliwa.

Polisi walikuja, wakaandika majina, na kesi ikafa kwa kuwa hakuna aliyekiri kumwona mwenzake akipiga. Wiki iliyofuata mama yake Joshua alikuja kumchukua mtamba wa binti yake. Alifika uani kwa miguu, akasimama mbele ya Raheli.

"Mbukwa, mama," akamsalimia, kama wanavyosalimiana Wagogo siku yoyote. Akafungua kamba akaondoka.

Raheli aliniambia angetukanwa angepona. Ile salamu ndiyo iliyommaliza. Tangu siku hiyo hakuimba tena kanisani, na mtoto wake akikimbilia mbali alikuwa anamfuata kuliko kumwita.

Sasa tuje kwenye ng'ombe wake wa kulimia. Alikuwa na maksai wawili, Mjumbe na Diwani. Diwani alipewa jina hilo kwa sababu alitembea polepole na kula sana, na Lameck alipenda kulitamka diwani mwenyewe akipita. Lameck ana mguu mbovu, ulivunjika ukaunga vibaya, kwa hiyo miaka minane yote waliyokuwa nao Raheli ndiye aliyeshika plau. Hakutumia mjeledi. Aliwasemesha, nao wakageuka. Mwisho wa mstari alimpa Diwani chumvi kiganjani. Ekari sita za uwele na karanga zililimwa hivyo, na kwa ekari hizo nyumba ile ilikula mwaka mzima.

Oktoba iliyopita wote wawili waliibiwa zizini. Hereni za serikali za kutambulisha mifugo walikuwa bado hawajavishwa, maana Lameck alisema watafanya mwakani, na mwanamume akisema mwakani mnajua maana yake. Raheli alichukua barua ya mwenyekiti wa kijiji inayoeleza rangi na alama za ng'ombe wake, akaanza kuja Msalato kila Jumamosi. Alizunguka mnadani toka asubuhi, kisha akaja kukaa kwangu. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mimi nilianza kuogopa kumtazama usoni.

Jumamosi ya tano alirudi mapema. Alikaa kwenye benchi, mikono kaifungia ndani ya kanga.

"Dada Hamida, nimemwona kama Diwani," alisema. "Amekonda, na pembe wamezikata ncha. Yuko na wanaume wawili karibu na lori la bluu. Mjumbe sijamwona."

"Na masikio?"

"Masikio ni yetu. Lakini alama ni ya ukoo mzima, Hamida. Alama si ng'ombe."

Nilimwambia basi amwite tumwone kama atageuka. Akatikisa kichwa. Sauti yake ilikuwa haitoki, na nilielewa kwa nini. Pale mnadani kila mwanamume ana fimbo. Neno moja la wizi wa ng'ombe, na watu mia mbili wanaacha walichokuwa wanafanya.

Alifanya kilichokuwa sahihi, nataka lijulikane hilo. Alikwenda kwa Bashiri, karani anayekagua vibali getini, akamwonyesha ile barua. Bashiri ni mtu wa kwetu, mwenye akili na asiyependa kukimbia. Alimwambia asiwasogelee wale watu, asiguse kamba, asimwambie mtu yeyote. Yeye angeenda mwenyewe kuwaita polisi kimyakimya, na lori lisingetoka bila muhuri wake. Raheli akarudi kwenye benchi. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshaniambia mimi.

Tukasubiri. Nilikuwa nakata ndimu wakati kivuli kilipopita mezani, nikainua macho. Wale wanaume wawili wa lori la bluu wamekuja kunywa supu.

Mkubwa alikuwa amevaa kofia ya pama na koti, licha ya jua lile. Mdogo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mikono mirefu. Walikaa kwenye benchi la pili, uso kwa uso na Raheli.

"Shikamoo, mama," alisema mwenye kofia.

"Marahaba," alijibu Raheli. Nilimsikia mimi tu, nadhani.

Niliwapakulia. Nikawauliza, kama muuzaji yeyote, ng'ombe wao wametoka wapi.

"Wa mbali hao," alisema mwenye kofia. "Yule mwekundu ni wa mahari. Dada yake huyu kijana ameolewa majuzi." Akampiga kijana begani. Kijana hakuinua uso, aliomba pilipili.

Katika maneno yote ya duniani, mtu yule alichagua hayo. Kama ni uongo, ni uongo ambao mwizi yeyote wa ng'ombe wa Kigogo anaujua, kwa sababu mahari ndiyo inayosafirisha alama ya mtu hadi zizi la mwingine. Kama ni kweli, basi aliyekaa mbele yake, anayekula pilipili, ni Joshua mwingine. Raheli alikuwa anaiangalia mikono ya yule kijana. Mimi nilikuwa naangalia getini, na Bashiri haonekani.

Walimaliza, wakafuta midomo, wakaenda. Muda si mrefu lori la bluu likawashwa. Ubao wa kupandishia ukashushwa. Bashiri alisema halitoki bila muhuri, lakini nyuma ya mnada kuna njia ya vumbi isiyo na geti, na kila anayeuza pale anaijua.

"Raheli, wanaondoka."

"Bashiri anakuja."

"Wanaondoka na mwaka wako mzima."

"Hamida, nakuomba," alisema, akanishika mkono.

Niliuchomoa. Nitasema ukweli, sikuwa nawaza ng'ombe. Nilikuwa nimekasirika kwa miaka yote niliyomwona rafiki yangu akinyenyekea, na kwa lile "shikamoo" la mtu mwenye koti. Nilipanda juu ya benchi nikapiga kelele kwamba wale wa lori la bluu ni wezi wa ng'ombe.

Sikuwahi kuona kitu kikienda haraka vile. Mnada wote ukaanza kutembea upande mmoja. Mwenye kofia aliangushwa kabla hajafika kwenye mlango wa lori. Kijana aliinua mikono yake mirefu juu na kusema kitu, na fimbo ikampata kwenye kiwiko. Mtu wa bodaboda alikuwa anafungua tanki la pikipiki yake, na mwingine amemshikia chupa. Nilishuka kwenye benchi. Nilibaki nimesimama na upawa mkononi.

Raheli alinipita. Kanga ilimwanguka hakuiokota. Akaingia katikati ya fimbo zile, akajitupa mbele ya kijana, na hapo ndipo nilipoisikia sauti niliyokuwa nasimuliwa.

"Acheni. Aliyepotea ni wangu, na huyu siye. Ng'ombe huyu si wangu."

Ilifika hadi barabarani. Watu waliokuwa nyuma waliuliza ni nani, na wa mbele wakashusha fimbo, maana mwenye mali akikana hakuna kesi. Aliyekuwa na chupa aliiteremsha. Kwa muda mfupi kila mtu alisimama akipepesa macho, kama wameamshwa.

Na yule ng'ombe mwekundu akageuka. Alikuwa ameshapandisha miguu miwili kwenye ubao. Alirudi kinyumenyume, akaikokota kamba yake vumbini, akapita polepole katikati ya watu moja kwa moja hadi kwa Raheli, na kushusha pua kwenye kiganja chake.

Mwenye kofia, akiwa chini na damu mdomoni, alikuwa anamtazama Raheli. Fimbo moja ilianza kuinuka tena.

Raheli alimpiga Diwani kofi la usoni. Kofi la nguvu, nililisikia kutoka kwangu. Ng'ombe alipepesa macho, akarudisha pua. Akampiga tena.

"Toka," alisema. "Nenda kwa wenyewe. Ng'ombe anafuata chumvi, hamjui? Nimeshika chumvi asubuhi nzima."

Mtu mmoja alicheka, na kicheko hicho, wallahi, ndicho kilichowaokoa wale watu wawili. Wengine wakaguna kwamba mama wa supu hana akili, jambo ambalo sikulipinga. Wakatawanyika. Mwenye kofia alijiinua, akaishika kamba, na alipompita Raheli aliinama akamwambia maneno machache. Nilidhani anashukuru. Kisha lori likachukua njia ya vumbi.

Bashiri na askari wawili walifika vumbi likiwa bado halijatua. Askari aliuliza ng'ombe yuko wapi. Watu walikuwa wangali wamesimama karibu wakisikiliza, na pikipiki za kulifukuza lile lori zilikuwepo zaidi ya ishirini.

"Nilikosea," alisema Raheli. "Alama zinafanana."

Bashiri alinitazama mimi. Aliitazama kanga iliyokanyagwa, akaiokota, akaikung'uta na kumpa mwenyewe.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ya pili ya Desemba. Nilifunga biashara, nikachukua jembe langu, nikaenda Mvumi. Sikuwa nimealikwa. Nilimkuta Lameck amekaa kwenye kigoda pembezoni mwa shamba, kaligeuzia shamba mgongo, anaangalia barabara, na fimbo iko magotini.

"Shikamoo, shemeji. Mbona umeligeuzia shamba kisogo?"

"Marahaba. Ndivyo Raheli anavyoniweka siku hizi," alisema. "Anasema niangalie wapitao. Mimi sijui anamngoja nani. Hata Diwani, ameniambia yule wa mnadani hakuwa yeye."

Raheli alikuwa katikati ya shamba, anapiga mistari kwa jembe la mkono. Katika zile ekari sita alikuwa amelima kipande kisichotosha hata kuanika mtama. Hakushangaa kuniona. Tulilima hadi jua likawa utosini, na mimi nilikuwa nasubiri anitukane, maana ningelala vizuri.

"Alichoniambia yule mtu hukukisikia," alisema hatimaye, bila kunyoosha mgongo.

"Si alikushukuru?"

"Aliniambia nimsalimie mzee wa mguu."

Niliacha kulima. Hakuna mtu pale mnadani aliyemtaja Lameck, wala mguu wake. Nikageuka kuiangalia nyumba yao, zizi tupu, ukuta wa miba uliozibwa upya, na yule mzee kwenye kigoda.

"Kumbe mahari ilikuwa uongo," nilisema. "Ungejua mapema, ungenyamaza watu wakaendelea kuwapiga?"

"Nilijua, Hamida. Diwani alipogeuka nilijua, watu wakiwa bado na fimbo. Nilimpiga usoni nikijua." Alikiangalia kiganja chake. "Miaka minane sijawahi kumpiga."

Nilimwomba msamaha. Nililia pia, sitaficha. Nikamwambia basi wakija, maana mtu anayetuma salamu kama zile anaijua njia, asisubiri karani wala askari. Apige yowe, watu wapo, na sauti anayo.

"Sauti ninayo," alisema Raheli. "Hiyo ndiyo ninayoiogopa."

Akainama akaendelea kulima, nami nikashika mstari wa pembeni yake.