Kibuyu Kinachozunguka

Kabla ya kugusa kompyuta, fundi wa intaneti kafe karibu na stendi ya Singida hukishika kwanza kitu chenyewe anachoombwa kukichora. Kibuyu cha asali cha Saada alikigeuzageuza kwa vidole vyenye kucha zilizotafunwa, akiguna kama daktari. Kisha, kwa ajili ya tangazo la mtandaoni, akakijenga chenye pande zote katika programu moja, akakihamishia kwenye ile ya katuni za mtandaoni, isiyojua mambo ya unene wala mgongo. Huko kikawa michoro bapa, mmoja kwa kila upande. Kila mstari uliongeza uzito wa faili, na laini ya simu ya kuipitisha ilikuwa dhaifu. Basi akafuta kivuli, akafuta mng'ao, akinong'ona kila mara, "Samahani."

"Mwanangu, futa na nyuzi hizo za ufa, hapo begani mwa kibuyu," alisema Saada, aliyetaka asali yake ya Itigi ipate wateja wa mbali. "Watasema natumia vyombo vibovu."

Fundi hakubisha. Alisogeza mshale hadi kwenye ufa ulioshonwa, mkono ukasita.

"Sawa, mama. Ila nimezichora moja moja, zote zinalalia upande mmoja. Aliyeshona alikuwa mashoto, eti?"

Marehemu mama yake Saada, aliyekishona kibuyu hicho, alichapwa utotoni kwa kutumia mkono wa kushoto, akauficha hadi uzeeni. Alikuwa akishona chumbani, mlango umefungwa. Kwenye kioo cha kompyuta kibuyu kilizunguka, nyuzi zikaja mbele, zikapita, zikarudi. Chini yake jina la Saada lilimetameta kwa herufi za madoido.

"Ziache," alisema. "Kama ni uzito, futa jina langu."